Jiko la Bujumbura na Faharasa ya Mahitaji: Utafutaji wa Mapishi kwa Kiambato katika Mkusanyiko wa Kidijitali

Vitabu vya mapishi, kwa desturi iliyozoeleka karibu kila mahali, hupangwa kwa majina ya vyakula au kwa aina zake, yaani mchuzi na mchuzi, wali na wali, vitafunio na vitafunio, hali ya kuwa mpishi wa kila siku haanzi kazi yake na jina la chakula bali na kile kilichopo jikoni. Ana fungu la lengalenga lililonunuliwa asubuhi, ndagala wakavu waliobaki katika kopo, chupa ya mawese iliyofika nusu, na swali lake ni nini kinachoweza kupikwa kwa hivyo kabla watu wa nyumbani hawajarudi. Faida kubwa ya kuyaweka mapishi katika mkusanyiko wa kidijitali, yaani hazina ya maandishi yanayosomwa kwa kompyuta au simu, ni kwamba swali hilo linaweza kuulizwa jinsi lilivyo na kujibiwa kwa muda mfupi. Dai la mhadhara huu ni kwamba jibu zuri halitoki katika mashine. Linatoka katika orodha ya majina ya vyakula iliyotengenezwa kwa uangalifu na watu wanaolijua soko, na kwa mji wenye lugha nyingi kama Bujumbura orodha hiyo haiwezi kuagizwa kutoka nje.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kiambato ni kitu chochote kinachoingia katika chakula kinachopikwa, kiwe samaki, jani, unga, mafuta au chumvi. Katika mapishi yaliyoandikwa kwa Kiswahili viambato huorodheshwa chini ya kichwa cha "Mahitaji", au "Vipimo" kwa waandishi wengi wa Zanzibar, kisha hufuata sehemu ya jinsi ya kutayarisha. Faharasa nayo ni orodha inayomwelekeza msomaji kutoka kwenye neno hadi mahali neno hilo linapopatikana. Kompyuta inapotafuta pishi kwa kiambato haisomi mkusanyiko mzima kila inapoulizwa, bali hutumia faharasa iliyokwisha kutengenezwa, ambamo kila neno limeandikiwa namba za mapishi yote yaliyo nalo; mtu akitaja viambato vitatu, programu huchukua orodha tatu za namba na kubakiza zile tu zinazoonekana katika zote. Mantiki ya "na", "au" na "si" inayoongoza kazi hiyo iliwekwa katika hesabu na George Boole, ambaye kitabu chake kikuu kilichapishwa mwaka 1854, na leo hii programu ndogo ya kanzidata iitwayo SQLite, iliyoanza mwaka 2000 na isiyolipiwa chochote, huifanya kazi hiyo ndani ya simu za kawaida. Upande wa mashine, kwa hiyo, hauna ugumu wa kutisha, na hapa hautazungumziwa kwa urefu.

Ugumu huanza pale kitabu kinapogeuzwa kuwa data. Kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa hakutoshi, kwa kuwa picha haitafutiki. Kuyatambua maandishi yaliyomo ndani ya picha ni hatua ya pili, lakini hata hiyo huzaa maandishi yasiyo na mpangilio, ambamo neno "nazi" lililo katika mahitaji halitofautiani na neno "nazi" lililo katika sentensi inayosema kwamba chakula hiki huliwa pamoja na wali wa nazi. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo ya thamani, ni kutia alama zinazoonyesha kwamba hapa pishi linaanza, hili ni jina lake, hiki ni kiambato, hiki ni kipimo. Mfano mmojawapo wa kazi hiyo ni mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, nchini Marekani, unaoitwa Feeding America, wenye vitabu 76 vya mapishi vya kihistoria, miongoni mwao kile cha Amelia Simmons cha mwaka 1796. Maandishi yake yaliwekewa alama za aina hiyo, ndiyo maana mtafiti anaweza kuuliza kiambato fulani na kupata mapishi yenyewe badala ya kurasa tupu. Mwaka 2011 kampuni kubwa za utafutaji wa mtandaoni, zikiwemo Google, Bing na Yahoo, zilikubaliana juu ya utaratibu wa alama za pamoja uitwao schema.org, ambao una nafasi maalumu ya kiambato cha pishi. Waandishi wa mapishi ya Kiswahili wana bahati katika jambo hili, kwa sababu desturi ya kutenga "Mahitaji" na maelezo ya kupika tayari imekamilisha nusu ya kazi, ingawa maji, chumvi na mafuta mara nyingi huachwa nje ya orodha na kuonekana katika maelezo peke yake, au yasionekane kabisa kwa kuwa kila mpishi anadhaniwa kuwa nayo.

Ili tatizo lenyewe lionekane kwa karibu, uchukuliwe mfano wa mtu wa Bujumbura anayeandika maneno matatu katika kisanduku cha kutafutia: ndagala, lengalenga, mawese. Ndani ya mkusanyiko kuna pishi lililoandikwa na mtu wa Kigoma, lenye mahitaji haya: dagaa wakavu kikombe kimoja, mchicha mafungu mawili, mafuta ya mawese vijiko vitatu, kitunguu kimoja, nyanya mbili, chumvi kiasi. Kwa mtu aliyesimama mbele ya chungu, hicho ndicho chakula kilekile alichokuwa akikifikiria. Kwa programu inayolinganisha herufi, ni neno moja tu kati ya matatu lililolingana, na kama masharti ni kwamba yote matatu yawepo, jibu litakuwa kwamba hakuna pishi. Wala haifai kusema kwamba mtu huyo amekosea kuandika, kwa kuwa maneno yake ni sahihi kabisa katika mji wake na ndiyo yanayotumiwa na wauzaji wa soko la Ruvumera.

Samaki wa Ziwa Tanganyika ndio kipimo kizuri kuliko vyote cha ubora wa faharasa ya aina hii. Ndagala, ambao kwa Kirundi huandikwa indagara, ni jina la jumla la samaki wadogo wa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon; upande wa Tanzania wanaitwa dagaa, na upande wa Zambia kapenta. Mwaka 1959 spishi ya pili ilipandikizwa katika Ziwa Kivu, na huko ikapata jina la sambaza. Hadi hapo mtu anaweza kudhani kwamba suluhisho ni kuyaunganisha majina yote haya, ili anayeandika mojawapo apate mapishi ya yote, lakini neno dagaa halikubali kuunganishwa kirahisi hivyo. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wajaluo wa Kenya huwaita omena na Waganda mukene, ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, wa ukoo mwingine, na dagaa wa Zanzibar na Mombasa hutoka baharini. Mkusanyiko unaoyachukulia majina hayo yote kuwa kitu kimoja utampa mpishi mapishi mengi, na huenda mengi yakafaa, lakini utakuwa umempotezea mtafiti wa lishe au wa historia ya chakula tofauti ambayo ndiyo aliyoitafuta. Njia inayopendekezwa hapa ni kuweka ngazi mbili: ngazi ya juu ya "samaki wadogo wakavu", inayomfaa mpishi mwenye haraka, na ngazi ya chini ya spishi na ziwa, inayomfaa mwenye haja ya uhakika.

Samaki anayeitwa mukeke, ambaye wageni wengi wanaofika Bujumbura huelekezwa kwake kwanza, anaitwa mgebuka Kigoma na buka buka Zambia, na jina lake la kisayansi ni Lates stappersii; maandishi ya zamani ya wanasayansi yalimweka katika jenasi nyingine, Luciolates, na hivyo hata anayekimbilia Kilatini ili kuyaepuka majina ya sokoni hasalimiki na mabadiliko. Mtego mkali zaidi uko kwa sangala. Katika Ziwa Tanganyika jina hilo hutumika kwa samaki wakubwa wa jenasi hiyohiyo ya Lates, ambao ni wa ziwa hilo peke yake, lakini sangara wa Tanzania, anayetofautiana naye kwa herufi moja tu, ni Lates niloticus aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria na ambaye minofu yake husafirishwa hadi Ulaya. Programu nyingi za utafutaji zina uwezo wa kusamehe tofauti ndogo za tahajia, na uwezo huo una faida kubwa katika eneo ambalo herufi l na r hubadilishana nafasi kati ya lugha na lugha, kwani ndio unaomfikisha aliyeandika ndagala kwenye pishi lililoandikwa indagara. Lakini uwezo huohuo, usipowekewa mipaka, utamgeuza sangala kuwa sangara bila kumwarifu mtu. Hakuna kanuni ya jumla itakayojua lini herufi hizo mbili ni kitu kimoja na lini ni samaki wawili. Anayejua ni muuza samaki wa Rumonge, na ujuzi wake ndio unaopaswa kuandikwa katika faharasa, neno kwa neno.

Mboga zina mambo yake. Lengalenga ya Bujumbura ni mchicha wa Tanzania, terere ya Wakikuyu na doodo ya Waganda, yote yakiwa majani ya jenasi ya Amaranthus. Nyanya chungu, au ngogwe, kwa Kirundi ni intore. Mawese ni amamesa. Majani ya mhogo, yanayoitwa kisamvu Tanzania, ni isombe kwa Warundi na sombe ng'ambo ya ziwa, Uvira, ilhali Kinshasa wanayaita pondu. Katika daftari moja la mapishi la nyumba ya Bujumbura si ajabu kukuta jina la chakula kwa Kirundi, mahitaji kwa Kiswahili na vipimo kwa Kifaransa, na hilo halina kasoro yoyote, kwa sababu ndivyo mji unavyozungumza.

Mhogo wenyewe unaonyesha kwa nini jina pekee, hata likiwa na visawe vyake vyote, halitoshi kukitambulisha kiambato. Nchini Burundi mzizi huo mmoja, kwa njia mbalimbali za kuuloweka, kuuvundika, kuukausha na kuusaga, hutoa vitu vinavyoitwa ubuswage, ikivunde, imikembe na inyange, na aliye na kimojawapo hawezi kukitumia badala ya kingine kwa kuwa tu kompyuta imeviweka vyote chini ya neno mhogo. Wataalamu wa data za chakula walikutana na tatizo hili zamani. Mfumo uitwao LanguaL, ulioanzia katika mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, hukieleza kila chakula kwa kukitazama kutoka pande kadhaa: mmea au mnyama aliyekitoa, sehemu iliyotumika, hali yake, namna kilivyopikwa, namna kilivyohifadhiwa. Utaratibu huo unafaa kuigwa, walau kwa mambo matatu, yaani chanzo, sehemu na hali, na umuhimu wake si wa wasomi peke yao. Mhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi, ambazo hupunguzwa kwa kuloweka, kuvundika, kukausha au kutwanga na kuchemsha kwa muda wa kutosha, na pale hatua hizo zinapofupishwa, hasa wakati wa njaa au machafuko, ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo umetokea katika Kongo, Tanzania na Msumbiji. Mkusanyiko unaomletea mtu pishi la kisamvu bila maelezo ya kutwanga na kuchemsha, kwa kisingizio kwamba aliuliza mahitaji tu, umefanya jambo la hatari.

Liko pia suala la umbo la maneno. Mbinu mashuhuri ya kukata maneno ili yafike kwenye shina, iliyochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza, huondoa viambishi vya mwishoni, na wafuasi wake wengi wamekuwa wakifanya vivyo hivyo, lakini Kiswahili na Kirundi huonyesha umoja na wingi mwanzoni mwa neno: kiazi na viazi, yai na mayai, mhogo na mihogo, igiharage na ibiharage, umwumbati na imyumbati. Mtu anayeandika kiazi kimoja kwa unyenyekevu hatapata mapishi yenye viazi vinne. Kukata silabi za mwanzo kwa kanuni huleta makosa mengi, kwa kuwa ki ya kitunguu ni kiambishi cha ngeli na ki ya kima si hivyo. Majina ya vyakula, hata hivyo, hayafiki maelfu mengi, na kuyaandika yote kwa umoja na wingi wake ni kazi ya wiki kadhaa kwa watu wachache wenye subira, ambayo haitahitaji kurudiwa.

Orodha ikiisha kutengenezwa, bado kuna swali la kupanga majibu. Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linaloonekana katika maandishi machache lina uzito mkubwa zaidi katika kutafuta kuliko neno linaloonekana kila mahali, na kanuni hiyo inafaa sana jikoni: chumvi na kitunguu haviwezi kulitofautisha pishi na pishi, lakini intore au ndagala vinaweza. Mpangilio mzuri, kwa hiyo, hutanguliza mapishi yanayotumia vitu adimu alivyonavyo mpishi, kisha hutazama ni vitu vingapi vinavyokosekana, kwani pishi linalohitaji kitu kimoja tu cha kununua lina thamani kuliko lile linalohitaji vitano. Kuondoa ni kugumu kuliko kutafuta. Mama wa mtoto asiyeweza kula karanga anapoagiza mapishi yasiyo na karanga, programu humletea yale ambayo neno karanga halimo, hali ya kuwa karanga zinaweza kuwa zimejificha katika mafuta ya kupikia au katika mchuzi ulionunuliwa tayari. Kwa swali la namna hii mkusanyiko mwaminifu unapaswa kueleza kwamba hauna uhakika, hata kama jibu hilo halipendezi.

Ubadilishaji wa viambato, yaani kutumia kimoja mahali pa kingine, unastahili nafasi yake katika data, hasa katika mji uliopo kando ya ziwa ambalo uvuvi wake husimamishwa kwa vipindi ili samaki wazaliane. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, inayoziunganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ina makao yake Bujumbura penyewe, na upande wa Tanzania uvuvi wa ziwa hilo ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Katika miezi ya namna hiyo mpishi hutafuta kitu cha kushika nafasi ya mukeke, na majibu yake hayawezi kupatikana kwa hesabu za herufi, kwa sababu yanatokana na uzoefu wa watu waliopika katika miezi kama hiyo na kuona ni kipi kilikubali na kipi kilikataa.

Afrika Mashariki haianzi kazi hii mikono mitupu. Tanzania ilipata majedwali yake ya virutubishi vya vyakula mwaka 2008, na mwaka 2018 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, ilitoa majedwali yake pamoja na kitabu cha mapishi ya kawaida ya nchi hiyo chenye thamani ya lishe ya kila chakula. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika rejista ya kazi njema za uhifadhi juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili, ambayo ndani yake wanasayansi na wanajamii waliorodhesha mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Sehemu hiyo ya mwisho, kuyachukua majina ya kienyeji kuwa data kamili yenye hadhi sawa na jina la kisayansi, ndiyo inayopaswa kuonewa wivu na Bujumbura kuliko programu yoyote.

Burundi, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ina taasisi zinazoweza kulibeba jambo hili: chuo kikuu kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1964, na taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU, iliyopo tangu 1962 na inayoyajua mazao ya nchi kwa aina zake. Lakini taasisi hizo hazitafika mbali zisipokaa pamoja na wapishi wa Buyenzi, mtaa uliokusanya Waswahili wa mji tangu utawala wa Kibelgiji, pamoja na wa Bwiza na wauzaji wa masoko, ambao majina yao yanapaswa kuandikwa katika mkusanyiko kama yanavyoandikwa majina ya waandishi wa vitabu, wakiridhia wenyewe. Mkusanyiko ukikamilika unapaswa kuweza kuhifadhiwa wote ndani ya simu na kutafutwa bila intaneti, kwa njia iliyokwisha kuthibitishwa na programu ya Kiwix, ambayo tangu mwaka 2007 imewawezesha watu wa nchi nyingi kusoma Wikipedia bila mtandao. Mpishi asiye na pesa ya kununua bando hana sababu ya kukosa pishi la mama yake.

Kazi ianze na samaki na majani, kwa kuwa huko ndiko majina yanakogongana zaidi, na vipimo vingoje. Wenye daftari za mapishi nyumbani wanaombwa, kabla ya kuzipiga picha au kuzikabidhi kwa yeyote, waandike kando ya kila hitaji jina analolitumia muuzaji wao wa sokoni, lugha ya jina hilo, sehemu ya mmea au ziwa la samaki, na kama kitu chenyewe kilikuwa kibichi, kikavu au kilichovundikwa.